Hao "Wananchi Wenye Hasira Kali" ni Nani?

Makamanda, kuna misemo miwili tumeizoea kwenye taarifa za polisi mpaka haitushtui tena. Wa kwanza ni "watu wasiojulikana". Wa pili ni "wananchi wenye hasira kali".

Wa kwanza tunaupigia kelele, na ni haki yetu. Ben Saanane haonekani tangu Novemba 2016. Azory Gwanda haonekani tangu Novemba 2017. Tundu Lissu alimiminiwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017, mchana kweupe. Ali Kibao alishushwa kwenye basi Septemba 2024, mwili wake ukapatikana ameshauawa. Waliofanya? Hawajulikani.

Wa pili tunaupita tu. Kijana kaiba simu, kachomwa moto. Bibi kizee ana macho mekundu kwa sababu ya moshi wa jikoni miaka hamsini, kakatwa mapanga kwa kuitwa mchawi. Taarifa inasema wananchi wenye hasira kali, habari imeisha. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikihesabu vifo hivi kwenye ripoti zake, na kuna miaka vimefika mamia. Mnakumbuka kesi ngapi?

Nasema misemo hii miwili ni ndugu wa tumbo moja. Yote inachukua mauaji na kumfuta muuaji. Sisi tunaupinga mmoja na kuutumia mwingine.

Nasoma sheria, mnivumilie kidogo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaitambua hasira. Kifungu cha 201 kinashusha mauaji ya kukusudia kuwa ya bila kukusudia, kama mtu alichokozwa ghafla na akaua kabla damu haijapoa. Lakini kifungu cha 202 kinaeleza uchokozi ni nini: uwe umetendewa wewe, au mbele yako ametendewa mtu unayehusiana naye kama mwenza, mzazi, mtoto au ndugu, au aliye chini ya uangalizi wako. Sasa wewe uliyeshuka kwenye daladala ukakuta watu wanapiga, hujui kilichoibiwa wala nani kaibiwa, ukaokota jiwe, umechokozwa na nani? Hasira yako haimo kwenye sheria. Kilichomo ni kifungu cha 23, nia ya pamoja, kinachowaunganisha nyote kwenye kosa moja. Na kosa la mauaji ya kukusudia adhabu yake ni kunyongwa. Afisa anayeandika "hasira kali" anawapa watuhumiwa ambao hajawakamata utetezi ambao hata wakili wao asingethubutu kuupeleka mahakamani.

Halafu hiyo hasira yenyewe haipo. Nimeiona kwa macho yangu, na mimi ndiye niliyeianzisha.

Ilikuwa kwenye mkutano wetu wa hadhara. Kijana mmoja alinichomoa simu mkononi, nikapiga kelele: mwizi! Sikufikiri, neno lilitoka lenyewe. Vijana wetu wa ulinzi walimkamata hatua kumi tu mbele, wakampeleka nyuma ya jukwaa. Nilipofika walishakuwa watu arobaini hivi. Mnajua nilichokiona? Watu wanacheka. Mmoja anarekodi, anawaambia wenzake wasogee anapata kiza. Mwingine anauliza "kafanya nini?" huku ameshapiga teke. Huyo alikuwa na hasira ya nini, jamani? Na juu ya jukwaa, mita chache kutoka hapo, msemaji wetu alikuwa anazungumzia watu wasiojulikana. Umati unashangilia.

Kilichomwokoa hakikuwa katiba ya chama. Alikuwa mama anayeuza maji ya chupa. Alipenya katikati akamwita yule kijana kwa jina lake, akasema ni mtoto wa jirani yake, akaanza kutuangalia mmoja mmoja usoni. Kisha akamgeukia kijana wetu mmoja, naye akamwita kwa jina: "Na wewe, mama yako anajua uko hapa?" Mikono ikashuka. Simu yangu, ndiyo, alikuwa nayo. Aliiba kweli. Hilo halibadilishi kitu: Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika, na mwizi aliyethibitika naye hahukumiwi kufa.

Nimelifikiria sana lile tukio. Mtu ndani ya kundi anapiga kwa sababu hana jina, mwenzake anapiga, na anajua kesho hakuna atakayemuuliza. Ukimrudishia jina lake anabaki yeye na mkono wake.

Na kupiga tunafundishwa. Mwaka 1961, Chuo Kikuu cha Stanford, mwanasaikolojia Albert Bandura aliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima anayelipiga na kulitukana sanamu la mpira. Walipoachwa na lile sanamu, wengi walilipiga vilevile, hata maneno wakayarudia. Kwenye jaribio la 1965, watoto walioona yule mtu mzima akiadhibiwa waliiga kidogo zaidi. Sisi tulionyeshwa nini? Oktoba 2019, Albert Chalamila, wakati huo mkuu wa mkoa wa Mbeya, aliwachapa viboko wanafunzi wa sekondari wilayani Chunya mbele ya kamera. Kanuni zinataka kiboko kitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne. Mkuu wa mkoa hatajwi popote. Rais Magufuli akampongeza. Nchi nzima ikajifunza kwamba ukiwa na hasira ya haki, utaratibu unaweza kusubiri nje.

Najua jibu lenu: maisha magumu, ajira hakuna, watu wamechoka. Kweli. Lakini hasira ya kukosa ajira ingekuwa inamtafuta aliyeisababisha, ingepanda juu. Zilipochotwa zaidi ya bilioni 300 za Escrow hakuna aliyebeba tairi (wala sitaki abebe). Hasira yetu inashuka tu, inamtafuta aliye chini yetu. Kuhusu polisi nawaelewa zaidi: unapiga simu unaambiwa gari halina mafuta, mtuhumiwa ukimpeleka kesho unakutana naye mtaani. Hapo kuna rushwa, na mara nyingine kuna dhamana tu, ambayo ni haki, ila hakuna aliyewahi kumweleza mlalamikaji kesi yake imefikia wapi. Afisa akirudi mtaani na kumwambia mwenye simu "kesi inatajwa Jumanne", atazuia mawe mengi kuliko semina ya amani yenye posho.

Hayo ni ya serikali, tutaidai. Ya kwetu yanaweza kuanza kesho. Kila kijana wa ulinzi avae jina lake kifuani, likisomeka. Akikamatwa kibaka, wawili wamtoe mbele ya watu, siyo nyuma ya jukwaa, na mmoja wa mawakili wetu aongozane nao mpaka kituoni. Atakayepiga, jina lake lifike kamati ya nidhamu kama tunavyofikisha ya wanaovujisha siri za vikao.

Video ya siku ile bado iko kwenye grupu letu la wilaya. Nimehesabu alama za kicheko chini yake, ni sitini na tatu. Nilimwomba admini aifute. Akanijibu: "Kamanda, hizo zilikuwa hasira za wananchi." Nimemjibu kwamba kwenye sekunde ya kumi na nne sura yake inaonekana vizuri.