Mwinuko wa Ardhi Mpakani: Kipimo Kipi Kiaminiwe?

Mto Sio upande wa Busia, na Mto Malaba karibu na Tororo, ni sehemu ya mpaka wa Uganda na Kenya. Maji hayaulizi kibali; hufuata mteremko. Kwa hiyo ajengaye daraja au mfereji hapo hana budi kuujua mwinuko wa ardhi kwa hakika.

Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni darubini ya usawa na fimbo yenye namba: huenda polepole, lakini hukosea milimita chache tu kwa kilomita. Ya pili ni ya pembe: mpimaji hulenga kilele cha Mwamba wa Tororo kutoka mbali. Ni ya haraka, ila katika kilomita 10 mviringo wa dunia hushusha shabaha karibu mita 8. Ya tatu ni setilaiti, nyepesi kuliko zote, lakini mwinuko wake hauanzii usawa wa bahari; sharti usahihishwe.

Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi ni mwanzo wa hesabu. Kenya huhesabu kutoka bahari ya Kilindini, Mombasa. Uganda ilirithi hesabu iliyoanzia Alexandria, Misri. Hivyo ukingo mmoja waweza kupata namba mbili, na wapimaji wote wakawa waaminifu.

Dawa ni wapimaji wa pande mbili kuvuka mto pamoja kwa darubini na fimbo, wakiunganisha alama zao. Nasi askari tulio doria, tuzilinde alama hizo. Ang'oaye moja huharibu ushahidi wa nchi mbili.