Lebo za michezo ya video zawachanganya wanunuzi

Kahawa ina madaraja yanayojulikana. Mnunuzi husoma daraja akajua analipia nini. Soko la michezo ya video halina utaratibu huo. Mchezo wa Doom ulipotoka Desemba 1993, michezo ya kufyatua risasi iliyoufuata iliitwa “nakala za Doom”. Mingine hadi leo huuzwa kama “ya aina ya Rogue”, mchezo wa mwaka 1980. Watengenezaji walikutana Berlin mwaka 2008 wakaorodhesha sifa za aina hiyo, lakini ubishi haukwisha. Mwaka 2014 duka la Steam liliwaruhusu wateja kubandika lebo wenyewe. Anayeumia ni mtengenezaji mdogo: bidhaa yake ikipangwa rafu isiyo yake, mnunuzi haioni. Lebo inapaswa kueleza mchezaji anafanya nini, si mchezo upi ulitangulia.