Si kila wimbo lazima ufundishe

Vijana wenzetu, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaotusoma hapa, leo tunasema wazi: tumechoka kuambiwa muziki wa kucheza tu ni upuuzi. Ukitaka kuimba juu ya kipindupindu, spika unapewa siku hiyohiyo. Ukitaka kupiga ngoma watu waruke, unaulizwa: "Ujumbe wake ni upi?"

Basi tuwatazame Scooter, kundi la Hamburg, Ujerumani. H.P. Baxxter na Rick J. Jordan walikuwa kwanza na kundi lingine, Celebrate the Nun. Likavunjika. Mwaka 1993 wakaanza Scooter, na 1994 wakatoa "Hyper Hyper". Ndani mna nini? Mdundo wa mbio, kinanda, na Baxxter anapiga kelele akitaja majina ya madijei. Funzo hakuna. Ukafika namba 2 kwao Ujerumani.

Wakosoaji wakawacheka. Nguvu ya soda, eti. Lakini 2002 "Nessaja" ikashika namba 1 Ujerumani, na 2008 albamu yao "Jumping All Over the World" ikamtoa Madonna kileleni Uingereza. Jordan aliondoka 2014, Baxxter akaendelea. Soda gani hiyo haiishi gesi?

Mtatuambia: wale ni Wazungu, wana umeme na studio. Sawa. Lakini singeli nayo je? Imezaliwa uswahilini Dar es Salaam, ina mbio kuliko hata hiyo ya Wajerumani, nayo iliitwa kelele. Leo madijei wake wanaitwa kupiga Ulaya. Wote hao walipata kitu kimoja: mahali pa kupiga, bila kuulizwa kwanza wanafundisha nini.

Hatukatai nyimbo za afya. Tumeziimba na tutaziimba tena. Tunachokataa ni kufanywa mabango yanayotembea. Mtu aliyekimbia risasi hahitaji kila wimbo umkumbushe shida. Anahitaji pia saa moja ya kutoka jasho na kucheka na wenzake, alale usingizi. Kama mnataka ujumbe, huo ndio ujumbe.

Ombi letu ni dogo: kila Jumamosi, saa mbili za spika na ukumbi, bila fomu ya kueleza wimbo unafundisha nini. Ulinzi na usafi tutafanya wenyewe. Nani anakataa, na kwa sababu gani? Jibuni hapa hapa, tunasoma.