Lukaya ya usiku na Lukaya ya asubuhi

BARAZANI na Nuru Kamugisha

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunawaona mnarani wazee wale wale: koti limepigwa pasi, medali zimepangwa kifuani, mgongo umenyooka kuliko wa wengi wetu tulio nusu ya umri wao. Rais anaweka mkuki na ngao, tarumbeta inalia, tunazima runinga tukiamini tumeshawasikia waliopigana Vita vya Kagera. Tumewasikia wanaopenda kuja mnarani. Hao ni kundi moja tu.

Turudi Lukaya, mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, palipo na kinamasi kikubwa. Machi 10, 1979 Walibya waliokuja kumwokoa Idi Amin wa Uganda waliishambulia Brigedi yetu ya 201 kwa roketi na vifaru. Karibu brigedi nzima ilikuwa mgambo, na wengi wao hawakuwahi kuonja vita. Wakatawanyika. Usiku ule ule makamanda wakawakusanya upya, Brigedi ya 208 ikazunguka kutoka ubavuni, na kulipokucha mambo yakageuka. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ikawa mikononi mwetu.

Nawafahamu wazee wawili waliokuwapo. Mmoja, sajini mstaafu wa mtaani kwetu, hukaa barazani na kahawa yake akisimulia asubuhi ile: nani alipita wapi, nani alikuwa nyuma ya nani, kwa vidole juu ya meza kama ramani. Mwingine, mgambo wa zamani aliyerudishwa kijijini kwake Missenyi, akianza habari za Lukaya husimulia usiku tu. Asubuhi anairuka. Ukimbana sana huinuka kwenda kutazama migomba yake, na mpaka leo humwita afande hata mlinzi wa duka.

Kuna watakaosema kwa haraka kwamba mmoja ni jasiri na mwenzake ni mwoga. Upuuzi. Yule wa pili alirudi mstari wa mbele baada ya kukimbia, na sijui wangapi kati yetu tungerudi.

Ninachokiona mimi ni milango tofauti. Sajini aliingia jeshini kwa hiari yake kabla ya vita, akatoka na pensheni, na hadi leo ana wenzake wa kukumbushana nao. Marehemu Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 vitani, alijiunga na jeshi la kikoloni la KAR mwaka 1942, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Kumuuliza mtu wa namna hiyo kama anajutia jeshi ni sawa na kumuuliza mvuvi kama anaijutia bahari. Mgambo alikutwa na jembe mkononi, akafundishwa upesi upesi, akaenda, akarudi kwenye jembe lile lile. Nchi aliyoirudia ilikuwa inapanga foleni ya sabuni. Ile miezi 18 ya kufunga mikanda aliyoiomba Mwalimu Nyerere baada ya vita ikapita na mikanda haikulegea. Usiku wa Lukaya angemsimulia nani?

Tena mzee wa Missenyi ana jambo ambalo wa Mtwara au Singida hana. Majeshi ya Amin yalipoikalia ardhi ya kaskazini mwa Mto Kagera mwishoni mwa 1978, yalikuwa uani kwake. Hajutii kwenda, hilo analisema waziwazi. Asichotaka ni kupigiwa makofi.

Shule zetu hualika mzee mmoja kila Julai, na huyo ni yule anayejua kusimulia. Waalikwe wawili. Wa pili huenda asiseme mengi, na walimu wasimsukume kuhusu asubuhi. Ila waharakishe: aliyekuwa na miaka 20 wakati ule ameshakaribia 70, na wengine wameshaipita.