Mkamba Kwenye Derby ya Mashemeji

Wasee, Mashemeji Derby hiyo inarudi. Gor Mahia na AFC Leopards, marudiano ya ligi, na wiki hii yote simu yangu haijalala. Wa Gor wananitumia picha za makombe yao. Wa Ingwe wananitumia maombi. Hiyo yote ni sawa, ndiyo raha ya derby. Lakini kuna swali moja hunifuata kila mara mechi hii ikikaribia, na safari hii nimeamua kulijibu kabla filimbi haijapulizwa: "Si wewe ni Mkamba wa Kathiani? Ingwe inakuhusu na nini?"

Jibu fupi: inanihusu vile Arsenal inakuhusu wewe.

Jibu refu ndilo hili, kaa chini.

Hapa Kathiani, Jumamosi jioni, pita karibu na pale watu wanalipa kuona mpira. Utapata jezi za Arsenal, za Man United, za Chelsea, za Liverpool. Kuna jamaa hajawahi kuvuka mpaka wa Namanga, lakini Arsenal ikifungwa anakosa kula. Anajua majina ya wachezaji wa akiba. Anajua nani ameumia goti na atarudi lini. Na hakuna hata siku moja amesimamishwa mlangoni aulizwe kama mamake alizaliwa London. Tunamwona mtu wa kawaida kabisa. Shabiki tu.

Sasa mwambie huyo jamaa avae jezi ya buluu na nyeupe ya Ingwe apite nayo sokoni. Kufika stendi ya matatu atakuwa ameulizwa mara tatu: kwani umeoa Mluhya? Kwani mama yako ni wa Kakamega? Kwani ulilelewa wapi? Yaani jezi ya timu iliyo ng'ambo ya bahari ni ya kila mtu, lakini jezi ya timu iliyo Nairobi hapo, safari ya matatu mbili, lazima uwe na damu yake. Hebu fikiria hiyo vizuri. Tumekubali kuwa Waingereza wa mpira, lakini kuwa Wakenya wa mpira imetushinda.

Najua utaniletea historia. Tuiseme basi, maana mimi siiogopi.

AFC Leopards ilianza 1964 kama Abaluhya, jina la watu wa magharibi. Hata hilo jina Ingwe ni la kwao, maana yake chui. Gor Mahia ikaja 1968, ikichukua jina la mganga mashuhuri wa Kiluo. Timu hizi zilianzishwa na watu waliotoka mbali kuja kutafuta kazi Nairobi, na Jumapili walitaka mahali pa kusikia lugha ya nyumbani. Hakuna ubaya hapo. Na kwa sababu Waluo na Waluhya ni majirani waliooana tangu zamani, mechi yao ikapata jina tamu kuliko derby zote ninazozijua: Mashemeji.

Halafu serikali ya Moi ikaamua timu zisiwe na majina ya makabila. Kwa hivyo Abaluhya ikawa AFC Leopards, na hizo herufi AFC zikapewa maana mpya: muungano wa wanasoka wote. Gor nao wakaitwa kwa muda Gulf Olympic Rangers, mpaka jina lao likarudi. Ilikuwa amri ya wakubwa, hakuna shabiki aliyepigiwa simu kuulizwa maoni. Lakini mimi hilo jina nimelishika kama lilivyo. Wanasoka wote. Sijaona mahali imeandikwa "isipokuwa Kathiani".

Wachezaji wenyewe walilivuka hili jambo kitambo. Angalia Gor tu, hao watani wangu. Harun Shakava alitoka Kakamega Homeboyz akaja akawa nahodha wa Gor Mahia. Francis Kahata alichezea kati pale mpaka Simba ya Tanzania ikamchukua 2019. Meddie Kagere, Mnyarwanda, aliwafungia mabao mpaka wakamwimba kama mtoto wa Siaya. Hakuna shabiki wa Gor aliyekataa bao la Kagere ati kwa sababu hajui Kijaluo. Kwa hivyo uwanjani kabila haliangaliwi. Ni sisi tulio kwenye viti ndio tumebaki nyuma.

Mimi Ingwe nilipewa na mjomba wangu. Alienda Nairobi kufanya kazi Industrial Area, akapanga chumba kwenye ploti moja na jirani wa kutoka Kakamega. Huyo jirani alikuwa na redio, mjomba hakuwa nayo. Si unajua vile inaenda: mwenye redio ndiye anachagua timu. Mjomba akarudi Ukambani na redio yake mwenyewe na timu ya jirani yake, na hiyo timu ndiyo nimerithi. Wengine wamerithi shamba. Mimi nimerithi pressure.

Na mjomba ukimgusa kidogo tu anakurudisha 1984. Hiyo ndiyo miaka yao. Sikiliza hii, wewe unayefikiri derby ni kelele za Nairobi pekee. Mwaka wa 1980 fainali ya klabu za Afrika Mashariki na Kati ilichezwa Malawi, na waliofika fainali wote wawili walikuwa Wakenya: Gor wakawafunga Abaluhya 3-2. Halafu Ingwe wakabeba kombe hilo 1982, wakabeba 1983, na 1984 kule Kampala wakakutana tena na Gor kwenye fainali. Ingwe 2, Gor 1. Mara ya tatu mfululizo. Mjomba akifika hapo huwa anasimama kwenye kiti.

Mwaka uliofuata, 1985, Khartoum. Fainali ileile, timu zilezile, marudiano ya ubingwa. Gor wakashinda 2-0. Mjomba akifika hapo huwa anaenda kuangalia ng'ombe.

Lakini ona kilichofuata. Miaka miwili baadaye, 1987, Gor Mahia wakashinda Kombe la Washindi barani Afrika. Walitoka sare ya 2-2 na Espérance huko Tunis, kisha 1-1 Kasarani, wakachukua kombe kwa mabao ya ugenini. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyobeba kombe la Afrika. Mimi ni wa Ingwe na ninasema hivi bila kuuma meno: ile timu ya Gor ilinolewa na Ingwe. Ukipigana miaka yote na mtu anayekufunga kwenye fainali, utajifunza kufunga. Na sisi pia, ile Ingwe ya makombe matatu mfululizo, nani alikuwa anatuamsha mapema kwenda mazoezini kama si hofu ya Gor?

Ndiyo maana nasema shemeji si adui. Na hapa ndipo Mkamba ana kitu cha kuchangia. Kwetu, watu wa upande wa ndoa tunawaita athoni. Na nthoni ni haya, ile aibu ya heshima. Yaani kwa Kikamba mkwe na heshima ni neno la ukoo mmoja. Huyo mtu mmejadiliana naye, amekuletea mbuzi wa ntheo, mmebishana kuhusu hao mbuzi, mmekula pamoja. Unaweza kumtania mpaka asubuhi. Lakini kumrushia jiwe? Wazee wangekushangaa.

Na mawe yamerushwa, tusijifanye. Machi 2012 pale Nyayo derby hii ilisimama kwa sababu ya fujo za mashabiki baada ya kadi nyekundu. Haikuwa ya kwanza na haikuwa ya mwisho. Kila ikitokea hivyo, kuna mama mahali fulani anamwambia kijana wake, "Hapo hutaenda tena." Kuna msichana aliyekuwa amenunua jezi anairudisha kabatini. Halafu tunabaki kuuliza kwa nini viti havijai.

Kuna wale wataniambia, "Bro, bila kabila hii derby itakufa." Hao nawaelewa, na hawajakosea kabisa. Angalia Kenya Police. Walibeba ligi ya 2024/25, mara yao ya kwanza, na hongera kwao, walistahili. Lakini ni nani unamjua amekosa usingizi kwa sababu ya Police? Timu yenye mizizi ina watu, na timu ya idara ina mishahara. Kwa hivyo sisemi ngoma za isikuti zinyamaze. Sisemi Gor waache kuimba kwa Kijaluo. Mimi mwenyewe naimba nyimbo za Kiluhya ambazo nusu yake sielewi, na isikuti ikianza miguu haiulizi kitambulisho. Ninachosema ni kwamba mizizi ni ya kushikilia mti, na kivuli anakaa yeyote aliyechomwa na jua.

Kwa nini nalichukulia hili kwa uzito hivi? Binamu yangu mdogo, yuko Gredi ya 7, aliniuliza juzi: "Sisi Wakamba timu yetu ni gani?" Hakuuliza ni timu gani inacheza vizuri. Hakuuliza nani ana straika mkali. Miaka kumi na mbili, na tayari anajua kwamba Kenya hii, kabla uchague kitu, unaangalia kwanza watu wako wamesimama upande gani. Hilo hakufundishwa na mpira. Mpira umemthibitishia tu.

Na sisi ndio kizazi cha 2024. Juni ile tulijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, tukasema hatuna kabila. Ilikuwa kweli, nilisikia watu wakikataa hata kuulizwa jina la pili. Lakini kusema huna kabila mbele ya gari la maji ya kuwasha ni rahisi kidogo, kwa sababu wote mnalia machozi yaleyale. Mtihani mgumu ni siku ya kawaida, mpinzani wako amekufunga dakika ya 88, na jina lake la pili liko pale mgongoni mwa jezi. Hapo ndipo utajua ulichoacha na ulichobeba. Kama tutashindwa kukaa na shemeji kwenye mechi ya dakika 90, uchaguzi wa 2027 tutaukalia vipi?

Kwa hivyo nina maombi matatu tu kabla ya marudiano.

Moja, nunua tiketi. Pesa unayopoteza kwenye mkeka wa ligi ya Finland, ambako hujui hata mchezaji mmoja, inatosha kukuingiza uwanjani. Kuruka ukuta wa uwanja wa timu yako ni kuiibia timu yako.

Mbili, tusi la kabila likianza karibu nawe, usingoje polisi. Wewe uliye karibu ndiye wa kusema "hapana, hiyo hapana", na useme ukiwa umevaa jezi moja na huyo anayetukana. Shabiki wa Gor akimnyamazisha wa Gor mwenzake, maneno yanaisha. Mimi nikimnyamazisha wa Gor, ni vita.

Tatu, njoo na mtu mmoja ambaye si wa kwenu. Mmeru, Msomali, Mkamba, Mgiriama, yeyote. Usimweleze siasa. Mnunulie njugu, mwambie aangalie mpira, halafu isikuti ifanye kazi yake.

Mimi nakuja na binamu yangu. Tutatoka Kathiani asubuhi na mapema, tupande ya Machakos, tupande ya Nairobi. Sijamwambia Wakamba ni wa timu gani. Nimemwambia ataangalia zote mbili, halafu achague mwenyewe akiwa kwenye matatu ya kurudi. Akichagua Gor, nitaumia, mjomba ataumia zaidi, lakini nauli nitamlipia tu.

Sasa tuje kwa mambo ya maana. Wa Gor, mna ligi 21, hizo hatuwezi kuzificha. Sisi mara ya mwisho kubeba ligi ilikuwa 1998, na mimi sikuwa nimezaliwa. Nimelelewa na hadithi. Kila msimu naambiwa ngoja, na kila msimu nangoja. Lakini derby haijawahi kuuliza uko na makombe mangapi kabatini. Ni mechi moja, mabeki wanatetemeka, kipa ameloa jasho kabla mpira uguswe, na mpira wa kona dakika ya mwisho unaweza kufuta ubishi wa miaka.

Utabiri wangu: Ingwe 2, Gor 1. Kama Kampala.

Na wewe shemeji wangu wa kijani, tafadhali beba sweta. Usiku ukiwa mrefu na umefungwa, baridi huwa inazidi.