Msamvu Haianguki Theluji

Siku ya kufunga shule, mwanzoni mwa Desemba, binti yangu wa miaka sita alirudi nyumbani na mchoro. Mwalimu alikuwa amewaambia wachore "Sikukuu nyumbani kwetu". Kwenye karatasi kulikuwa na nyumba yenye paa lililochongoka kama penseli, bomba la moshi juu yake, mti wa pembetatu na vidoa vyeupe kila mahali. Pembeni alisimama mzee mnene mwenye ndevu. Mwalimu kampa kumi kwa kumi na nyota juu.

Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa ameteremka kutoka Mgeta kuja kula sikukuu na sisi. Akaupokea mchoro, akausogeza mbali na macho, akaurudisha karibu.

"Mjukuu wangu, hii nyumba inaungua?"

"Hapana bibi, huo ni moshi wa bomba."

"Na haya majivu yanayoanguka?"

"Siyo majivu. Ni theluji."

"Haya. Sasa sisi tuko wapi?"

Mtoto akafikiri kidogo. "Sisi tuko ndani. Nje kuna baridi."

Tunaishi Kihonda, Morogoro. Siku hiyo kanga ikianikwa uani ilikuwa inakauka kabla hujamaliza kuanika ya pili. Nilicheka sana, nikaupiga picha mchoro, nikawatumia rafiki zangu. Usiku ndiyo nikaacha kucheka. Milima ya Uluguru tunaiona tukifungua mlango wa mbele. Mtoto ameiona kila siku ya maisha yake. Ameambiwa achore nyumbani, akachora kila kitu isipokuwa nyumbani, na mtu mzima akamwambia amepatia.

Sasa nataka kugombana na watu watatu: wachapishaji, waandishi wenzangu mnaosoma hapa, na mimi mwenyewe.

Nianze na mimi. Ni mwandishi wa habari. Miaka kadhaa nyuma, kwenye chumba cha habari, nilipewa ukurasa wa makala ya sikukuu. Nikaandika kuhusu foleni za mabasi, bei za nguo za watoto, na kuku waliopanda bei ghafla. Kisha nikatafuta picha ya kuipamba makala. Unajua nilichagua nini? Kijumba cha mbao kwenye theluji, taa zinametameta dirishani. Hakuna aliyenituma. Nje ya dirisha langu kulikuwa na mkrismasi umewaka mwekundu mpaka unaumiza macho, maua yamefunika kibaraza chote, na mimi nimeuinamishia kichwa nikitafuta picha ya msonobari. Kwa hiyo sisemi haya kama mtu msafi.

Theluji yenyewe ina historia, na si ya siri. Mtakatifu Nikolao, ambaye huyo mzee mnene amepewa jina lake, alikuwa askofu wa Myra, pwani ya Mediterania, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Hakuhitaji kofia ya manyoya. Zizi la Bethlehemu halina theluji katika Injili yoyote. Theluji ilikuja baadaye, na iliingizwa na waandishi na wachoraji. Mwaka 1823 lilichapishwa Marekani shairi lililompandisha Nikolao kwenye gari la kuvutwa na kulungu. Mwaka 1843 Charles Dickens alitoa A Christmas Carol kule London, na mwaka huohuo Henry Cole akachapisha kadi za Krismasi za kwanza za biashara. Na ule wimbo wa kengele ambao kila duka la mjini huupiga Desemba nzima? Ulitoka Marekani mwaka 1857, na ndani yake hakuna neno Krismasi hata mara moja. Unasimulia vijana wanaoendesha gari la farasi kwenye barafu.

Siwalaumu hata kidogo. Walitazama nje ya madirisha yao, wakaona baridi, wakaiandika baridi. Waliifanya kazi yao vizuri kiasi kwamba watoto wa Kihonda leo wanaona baridi ambayo haipo. Lawama ni yetu sisi ambao tuna madirisha na hatuchungulii.

Najua jibu linalokuja, kwa sababu nimeshaambiwa mara nyingi: "Jamani, acheni watoto wafurahi. Pamba kwenye mti wa plastiki inakuumiza nini?" Hainiumizi. Hata kwangu mti wa plastiki upo, na mdogo wake wa miaka mitatu ameshautafuna tawi moja. Wala sitaki kuwa yule mzee wa kijiweni anayeona kila kilichotoka nje ni sumu. Mkrismasi ninaousifia asili yake ni Madagaska. Karafuu za Matombo zilivuka bahari kabla ya kupanda mlima. Abunuwasi alitoka Baghdad. Mwalimu Nyerere aliketi akiwa na nchi nzima ya kuendesha, bado akamtafsiri Shakespeare: Juliasi Kaizari mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mgeni ni baraka.

Lakini tazama Abunuwasi alivyofika. Alivua viatu mlangoni. Alijifunza Kiswahili chetu, akala chakula chetu, akadaiwa na majirani wetu, mpaka watoto wengi wanaamini alizaliwa mtaa wa pili. Theluji haijafanya hivyo. Imekuja na nguo zake, imekaa kwenye kiti cha baba, na mwenye nyumba ndiye amehamishwa. Mgeni akishakaa humo, mwenyeji hana pa kusimama hata kwenye mchoro wa mtoto wake.

Hasara yake ni nini hasa? Nitasema ninachokijua kwa macho yangu. Siku mbili kabla ya sikukuu umeme ulikatika jioni. Simu zilikuwa hazina chaji, katuni zikafa. Bibi akawaita watoto barazani: "Hadithi, hadithi!" Wakajibu, "Hadithi njoo!" Akawasimulia ya sungura na fisi waliokwenda kuoa mlimani, na mto uliokataa kumvusha mwongo. Mdogo alilala katikati. Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi. Kisha akauliza, "Bibi, hiyo iko kwenye kitabu gani?"

"Haimo kitabuni. Alinipa mama yangu."

"Basi siyo hadithi ya kweli."

Bibi alicheka. Mimi sikuweza. Ana miaka sita, na tayari ana kanuni ya ukweli: kilichoandikwa kipo, kisichoandikwa hakipo. Nani alimfundisha? Mimi, niliyemnunulia vitabu kwa nia njema kabisa, vingi vikiwa na theluji ndani. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Maana yake watoto hawa, ingawa wanaitwa kwa jina langu mimi mtu wa Tanga, ukoo wao ni wa huyo bibi aliyekaa barazani. Alichokuwa anawapa jioni ile ndicho urithi wao hasa, na mwenye urithi ameukataa kwa sababu hauna jalada.

Kwa hiyo suala hili si la mapambo. Ni la nani anaaminika nyumbani.

Wachapishaji, nawajia. Sisemi hamjafanya kitu. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991, na mwaka huohuo Walter Bgoya akaanzisha Mkuki na Nyota. Elieshi Lema ameandika kwa ajili ya watoto na kuchapisha pia. Kwenye televisheni Ubongo Kids ilianza mwaka 2014, na baadaye akaja Akili, msichana mdogo anayeishi chini ya Kilimanjaro. Kilimanjaro, zingatieni! Mlima wenye theluji ya kweli, theluji yetu, mita 5,895 juu. Mtoto akitaka theluji, mpeni hiyo. Mpeni na safari ya Desemba kwenda Moshi, mabasi yamejaa, mama kashika kuku mapajani. Hicho ni kitabu tayari.

Lakini nenda sasa hivi kwenye meza ya vitabu vya watoto mjini Morogoro, uombe kitabu cha Kiswahili cha kumsomea mtoto wa miaka minne kuhusu sikukuu ya Desemba. Nilizunguka mchana mzima pale katikati ya mji, karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu, jina la kichifu la Waluguru likining'inia juu ya kichwa changu. Nilipata vitabu vya mitihani. Nilipata vya kupaka rangi: kulungu, soksi juu ya moto, watoto wamevaa glavu. Mwenye meza, kijana mwema, aliniambia, "Kaka, hivi ndivyo vinavyotoka." Ndiyo, vinatoka kwa sababu ndivyo vilivyopo.

Na ninyi waandishi wenzangu. Tunapenda sana kujadili hapa hatima ya riwaya ya Kiswahili, ushairi huru na ushairi wa mapokeo, nani alistahili tuzo na nani kapendelewa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa mwaka 2023, na hadithi za watoto sasa zina nafasi yake humo. Vizuri. Lakini wangapi kati yetu tumeketi kumwandikia mtu wa miaka mitatu? Tunaona ni kazi ya walimu, au ya wastaafu, au ya shirika lenye ufadhili. Kisha tunashangaa kwa nini msomaji wa miaka ishirini hataki riwaya zetu. Alijifunza kusoma akiwa mgeni ndani ya kila kitabu. Tunamtaka arudi nyumbani ambako hatukuwahi kumjengea chumba.

Msiniambie hakuna cha kuandika. Desemba ya hapa imejaa. Shule zimefungwa, mvua za vuli zinaelekea kuisha, na baada ya mvua ya usiku kumbikumbi wanatoka. Watoto wanawakimbiza chini ya taa, mwingine anawakaanga, mwingine analia kwa huruma. Asubuhi baraza imefunikwa mabawa membamba, meupe-meupe, yanayopeperuka ukiyafagia. Mdogo wangu wa miaka mitatu aliyarusha juu kwa mikono miwili, yakamwangukia kichwani. Mimi nikiwa nimesimama pale na ufagio nikafikiria, kama ni kitu cheupe kinachoanguka ndicho mnachotaka, mbona hiki hapa.

Kuna njia ya Sangasanga kupanda Mgeta, gari limejaa watu wanaorudi nyumbani, na wanaoteremka wamebeba mboga na mafyulisi. Kuna Kinole na Matombo upande wa mashariki, mvua zaidi, mafenesi, harufu ya mdalasini uani. Kuna kinyonga wa Uluguru asiyepatikana kwingine duniani. Kuna Mto Ruvu unaoanzia huku juu, ambao watu wa Dar es Salaam wanaunywa bila kuujua kwao.

Na kuna sahani. Hii ndiyo ningeiandika kwanza. Mtaani kwetu, kama mitaa mingi ya Morogoro, Waislamu na Wakristo tumepakana ukuta kwa ukuta. Siku ya Idi, sahani ya pilau ilikuja kwetu imefunikwa kwa sahani nyingine. Sahani hiyo hairudi tupu. Hata kama huna kitu, utaweka japo maembe mawili. Siku ya Krismasi ikaenda ya kwetu. Aliyetumwa kuipeleka ni binti yangu. Alitembea hatua thelathini, mikono yote miwili, ulimi nje, asimwage. Mama wa jirani akampokea: "Karibu mwanangu, sikukuu njema, mama hajambo?" Akarudi na sahani yao, ndani yake kuna kashata, na uso wa mtu aliyevuka bahari. Nimesoma vitabu vingi vya Krismasi. Hakuna safari iliyonishika kama hizo hatua thelathini. Na haimo kwenye kitabu cha watoto hata kimoja ninachokijua.

Wazazi nao nisiwaache. Najua Desemba inavyotubana. Tunaona sikukuu bila kuwatoa watoto kwenda kuruka kwenye maputo makubwa na kupiga picha na mzee wa ndevu za pamba si sikukuu. Tunakopa, tunatoka, tunarudi tumechoka, Januari inatusubiri na ada mkononi. Siwazuieni kutoka. Naomba jioni moja tu. Zimeni simu kabla umeme haujawazimia, mketisheni mkubwa wa nyumba barazani, na mmoja wenu awe na kalamu. Kalamu ni muhimu. Mtoto wa leo, kama nilivyojifunza kwa uchungu, anataka kuona inaandikwa.

Mimi nimeanza. Nina daftari la kurasa mia moja, lile la mistari, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mpaka bibi anarudi Mgeta nilikuwa nimeandika hadithi nne. Mbili zina mapengo, maana bibi alisahau katikati akasema atamuuliza dada yake. Dada yake ni mzee kuliko yeye. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa sina muda mrefu kama nilivyodhani.

Ile ya mto uliokataa kumvusha mwongo imekamilika. Binti yangu ameichorea picha. Mto upo, mlima upo, na sungura amevaa kanzu. Juu, kwenye kona, kaweka vidoa vyeupe.

Nikamuuliza, "Na hii ni theluji?"

Akaniangalia kama mtu asiyejua kitu. "Kumbikumbi, baba."