Mikono Inauma, Kipawa Hakijafa



Mwezi uliopita, baada ya kikao chetu cha akina mama kanisani, kijana mmoja wa kwaya alituonyesha mchoro katika simu yake. Ulikuwa duara ndani ya duara, za rangi nyingi, zimepigwa vipande vidogo vidogo kama shanga zilizotungwa. Hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna mti. Tulicheka. Mama mmoja akasema, "Hii hata mjukuu wangu wa chekechea anaweza!" Kijana akatuambia mchoro huo unaitwa "Ufufuo". Hapo tukanyamaza, tukataka kujua habari zake.

Aliyeuchora mwaka 1966 ni Alma Thomas, Mmarekani Mweusi. Alizaliwa mwaka 1891 katika mji wa Columbus, jimbo la Georgia, akiwa wa kwanza kati ya mabinti wanne. Mama yake alikuwa mshonaji. Siku hizo mtoto mweusi wa huko hakuruhusiwa hata kuingia jumba la makumbusho, achilia mbali kuota kutundika kazi yake ndani. Mwaka 1907 wazazi wake walihamia Washington, wakikimbia ubaguzi na kuwatafutia mabinti zao shule. Mwaka 1924 Alma akawa mtu wa kwanza kuhitimu sanaa katika Chuo Kikuu cha Howard. Kisha akafundisha sanaa katika shule moja ya mji huo kwa miaka 35, hadi alipostaafu mwaka 1960.

Hakuolewa, lakini habari zake zatuhusu sisi tulioolewa. Miaka yote hiyo nguvu zake nyingi zilikwenda kwa watoto wa watu, na uchoraji ulisubiri. Alipostaafu na kupata nafasi, ugonjwa wa yabisi ya viungo ukambana, hata akafikiri kuacha kabisa. Ndipo Howard wakamwalika afanye maonyesho mwaka 1966. Naye hakutaka kupeleka kazi za zamani peke yake. Aliketi nyumbani kwake akatazama dirishani, akaona jinsi mwanga unavyopenya majani ya mti uliokuwa nje. Hakuuchora mti. Alichora ule mwanga na zile rangi.

Hiyo ndiyo wanayoiita sanaa dhahania, ambayo haionyeshi sura ya kitu. Tusiishangae sana. Mkeka wa ukili hauna sura ya mtu wala mnyama, lakini sote tunajua upi umesukwa na fundi na upi umelipuliwa. Tunaupenda kwa mpangilio wake na rangi zake.

Mwaka 1972 jumba la makumbusho la Whitney, mjini New York, lilifanya maonyesho ya kazi za Alma Thomas peke yake. Hakuna mwanamke Mmarekani Mweusi aliyekuwa amepewa heshima hiyo hapo kabla. Alikuwa na umri wa miaka 80! Yule mtoto aliyefungiwa mlango sasa alifunguliwa, na kuta zikajaa kazi zake. Alifariki mwaka 1978. Mwaka 2015 mchoro ule wa "Ufufuo" ulitundikwa Ikulu ya Marekani.

Kijana alipomaliza kusimulia, bibi mmoja kati yetu alinyoosha vidole vyake vilivyopinda. Zamani vitambaa vyake vya kufuma vilipamba meza za nusu ya usharika. Akasema, "Mimi sindano nimeifungia sandukuni mwaka wa nne huu. Nilijua nimekwisha." Machozi yakamtoka.

Tuseme ukweli, wapendwa: sisi tulikuwa na hatia. Bibi huyo alipotueleza kwamba mikono inauma, tulimjibu, "Pumzika bibi, ni uzee huo." Sisi wauguzi ndio tulipaswa kujua zaidi. Si kila maumivu ya viungo ni uzee. Kuna aina ya yabisi ambayo mwili wenyewe hushambulia viungo vyake, nayo huwapata hata akina mama vijana. Ukiamka asubuhi viungo vimekakamaa kwa saa nzima, au vimevimba vya mikono yote miwili, nenda hospitali upimwe mapema. Tiba ikichelewa, vidole huharibika.

Tusijinunulie vidonge vya maumivu na kuvimeza mwezi baada ya mwezi bila ushauri. Vingine huumiza tumbo na figo. Kiungo kilichovimba na kuwa cha moto kipumzishwe, lakini kikitulia kinyooshwe taratibu kila siku, maana kisipotumika hukaza zaidi. Maji ya uvuguvugu asubuhi husaidia vidole kulegea. Mpini wa kijiko, kisu au sindano ya kufumia uzungushiwe kitambaa mpaka uwe mnene, ili mkono usilazimike kubana sana.

Lakini kuna maumivu ambayo vidonge haviyafikii. Ni yale ya kuambiwa na watu wako kwamba zamu yako imepita. Tukishapata mume, watoto na shamba, kipawa ndicho cha kwanza kuwekwa sandukuni, nasi twasema tutakitoa baadaye. Baadaye ikija, tunaambiana tumezeeka. Katika Mathayo 25, yule mtumwa aliyeificha talanta yake ardhini hakusifiwa kwa kuitunza vizuri.

Bibi tulimsindikiza hospitali, akapimwa na kuanza dawa. Jumapili iliyopita alikuja na sindano yake imezungushiwa kipande cha kanga. Amefuma shubiri moja tu, na amesema ameifumua mara mbili kwa sababu haikumridhisha. Tulifurahi kuliko kama angeleta kitambaa kizima.

Mama mwenzetu, sandukuni mwako kuna nini? Na mama mkwe wako je, ulishawahi kumwuliza? Mwezi huu mnunulie uzi, kisha keti naye akufundishe.